Kona haifungi? Ipime kona kwanza, mashine baadaye (uzi mrefu)

Mkata Pembe

Wakuu, habari za kazi.

Swali la kona za mbao zisizofunga linarudi humu kila mara, na majibu ni yale yale mawili: nunua mashine nzuri zaidi ya kukatia pembe, au jaza mwanya kwa puti. Yote mawili yananiuma. Mara nyingi mashine haina kosa, na puti ikikauka mwanya unarudi pale pale. Leo naandika kwa urefu, mwenye haraka aniwie radhi.

Kazi yangu ya kwanza ya skatingi, zile mbao za kuzunguka chini ya ukuta, bila mkubwa wangu ilikuwa chumba cha umbo la L: kona tano za ndani na moja ya nje. Nilipima jioni, nikakata usiku huo huo, ncha kumi na mbili, mashine nimeikaza kwenye digrii 45 na sikuigusa tena. Asubuhi nikaanza kupachika. Kona moja ilifunga. Mbili ziliachana mbele, mbili ziligusana mbele zikaacha tundu nyuma, unaliona ukitazama toka juu. Ile ya nje ndiyo ilikuwa wazi kabisa. Mwenye nyumba hakunifokea. Alichuchumaa, akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye ule mwanya, akauburuta toka juu hadi chini, akainuka akaenda zake. Ukucha ule nauona hadi leo kila nikikata kona ya nje.

Nilifungua zote, nikarudia kwa mbao nilizonunua mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba 45 ni nusu ya 90, basi. Kona ikiwa 90 kamili, kila kipande kinachukua nusu yake. Kona ikiwa 92, kila kimoja kinadai 46. Na kona ya 90 kamili ndani ya nyumba ni kitu adimu. Ukuta unaweza kuwa umenyooka, lakini plasta hujazana pale mwiko unapogeukia, na ubao wako haugusi tofali, unagusa plasta.

Sasa, kuijua kona si lazima uwe na kifaa cha gharama. Bandika utepe wa karatasi sakafuni pale konani usije ukachafua sakafu. Chukua kipande kifupi cha ubao ule ule utakaoutumia, kisimamishe kikigusa ukuta wa kwanza, piga mstari wa penseli kufuata uso wake wa mbele. Kihamishie ukuta wa pili, piga mstari mwingine. Mistari itakatana. Unganisha hapo ilipokatana na ncha ya kona ya ukuta. Mstari huo mfupi ndio mkato wako, kona iwe 87 au 95, hujapiga hesabu yoyote. Simamisha ubao juu ya mchoro, hamishia alama mbili za mstari huo kwenye ubao, moja mbele na moja nyuma, kisha ukiwa umechomoa waya wa umeme geuza meza ya mashine mpaka diski, ile sahani yenye meno, ishuke juu ya alama zote mbili. Kaza. Kona ya nje ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mistari inakatana nje ya kona.

Anayependa namba namwonya jambo moja. Kwenye mashine ya pembe, sifuri ni mkato ulionyooka, yaani ule wa kuukata ubao mraba. Kwa hiyo namba ya kuweka ni 90 utoe nusu ya kona. Kona ya 92: nusu ni 46, 90 utoe 46, unaweka 44. Nimeona fundi akiweka 46 kwa sababu "kona imezidi", na mwanya ukawa mara mbili ya ule aliokuwa anautibu. Kona butu ya 135 unaweka 22.5, na ndiyo maana mashine nyingi zina kituo tayari pale kwenye 22.5.

Nitaendelea na mashine yenyewe nikipata nafasi. Ulizeni.

Binti Seremala

Shikamoo fundi. Nimesoma mara mbili. Mimi shida yangu si skatingi, ni urembo wa kuzunguka mlango, zile mbao pana zinazolala juu ya fremu. Nimepima fremu kwa skweya, kile kifaa cha kupimia pembe ya 90, juu ni 90 kabisa, kushoto na kulia. Nimekata 45. Kwa ndani karibu na mlango zinagusana, kwa nje zimeachana karibu milimita mbili. Nikikaza kwa msumari upande mmoja, mwingine unafunguka. Ubao una upana wa sentimita 10.

Mkata Pembe

Marahaba binti yangu. Umepima vizuri na umeeleza vizuri, umenirahisishia.

Kwanza elewa kwa nini mlango ni mgumu kuliko skatingi. Skatingi inakutana kwa unene. Ubao wa milimita 18 ukikatwa pembe, uso wa mkato una urefu wa kama milimita 25. Kona ikikosewa digrii nzima, mwanya haufiki nusu milimita. Mbao zako zinakutana kwa upana: sentimita 10 ikikatwa 45, uso wa mkato unafika milimita 141. Digrii ile ile moja inakupa mwanya wa kama milimita 2 na nusu. Kosa ni lile lile ila sasa linaonekana toka mlango wa pili.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuangalia, na usiguse la pili kabla ya kumaliza la kwanza.

La kwanza, mashine. Chomoa waya. Egemeza skweya kwenye egemeo, ule ukuta wa chuma nyuma ya meza, na upande wake mwingine uguse bamba la diski. Liguse bamba, siyo jino, maana meno yamepinda kidogo nje ya bamba na yatakudanganya. Hiyo ni ya sifuri. Kisha rudisha umeme, chukua ubao mpana ulionyooka, sentimita 15 hivi, ukate kwenye sifuri, nusu moja uipindue juu chini, uziegemeze zote mbili kwenye ukingo ulionyooka uzikutanishe. Mwanya unaouona ni kosa la mashine mara mbili, ndiyo maana nauamini huo kuliko macho yangu juu ya skweya. Kwa 45, kata vipande viwili, vikutanishe mezani, weka skweya ndani. Ikipwaya, mshale wa namba umehama au egemeo limelegea.

La pili, plasta. Nenda mlangoni uweke rula ikilalia fremu na ukuta kwa pamoja. Naamini plasta imezidi fremu kwa milimita moja au mbili. Ubao wako ukingo wa ndani umelala kwenye fremu, ukingo wa nje umebebwa na plasta, kwa hiyo ubao wote umeinama kuelekea mlangoni. Ulikata ukiwa umelala bapa mezani, unapachika ukiwa umeinama. Hapo hata mashine iwe sahihi namna gani, kona haitafunga.

Dawa yake: ukate ukiwa umeinama vile vile. Weka kijiti chembamba chini ya ubao, upande ule utakaokaa kwenye plasta, unene sawa na kiasi plasta ilichozidi. Ubao wa kushoto na wa juu na wa kulia, zote tatu, kijiti upande wa nje. Kata, kajaribu.

Randa Kali

Mkuu heshima kwako, ila kwenye kona za ndani nakupinga. Umeandika aya nzima ya mistari sakafuni kwa kazi ambayo haihitaji pembe kabisa. Kona ya ndani ya skatingi haikatwi pembe mbili, inachongwa. Ubao wa kwanza unafika ukutani mraba. Wa pili unakatwa 45 ili umbo lake lijitokeze, halafu unafuata ule ukingo uliojitokeza kwa msumeno wa upinde, ule wenye uzi mwembamba wa meno, mpaka ncha ya ubao iwe na sura ya ubao mwenzake. Unaukandamiza, unakaa. Kona iwe 88 au 93, hauulizi.

Mkata Pembe

Umenisahihisha na nakubali, kwa mbao zenye umbo kuchonga ndiyo njia, na mimi mwenyewe ndiyo ninayotumia siku hizi. Nilianza na mistari kwa sababu kona ya nje haina njia nyingine na wengi wanaouliza humu hawana huo msumeno. Na ubao usio na umbo, ulionyooka tu juu mpaka chini, hauna cha kuchongwa: mmoja unafika ukutani, mwingine unaugonga mraba, basi.

Naongeza kwenye maelezo yako jambo ambalo lilinisumbua miezi. Ukifuata ukingo, usishike msumeno wima. Ulaze, meno yaingie ndani zaidi kwa nyuma ya ubao, ili ukingo wa mbele peke yake ubaki ukigusa. Kisha pitisha penseli iliyolala ubavu kwenye ule ukingo kabla ya kuanza: mstari mweusi unaonekana, na kazi yako ni kuuacha mweusi bila kuula. Panapogoma, tupa ya mviringo, taratibu. Mimi nikishachonga huwa nafumba macho nikapitisha kidole nyuma ya ukingo, uvimbe mdogo wowote unaousikia kidoleni ndio unaozuia kufunga. Jaribu kwenye kipande cha kutupa mara tatu nne kabla ya ubao wa kweli.

Fremu za Picha

Swali la haraka wakuu. Natengeneza fremu za picha. Kona tatu zinafunga safi, ya nne daima wazi. Nageuza, naanza na nyingine, bado ya mwisho ndiyo wazi.

Mkata Pembe

Kona tatu haziko safi mkuu, zinakudanganya kwa sababu mbao bado ziko huru na zinajisogeza. Fremu ya pande nne ina mikato minane. Kila mkato ukikosa nusu digrii tu, kufika kona ya nne umekusanya digrii 4, zote zinatokea pale. Rekebisha 45 ya mashine kama nilivyomweleza Binti Seremala hapo juu.

Na kuna mashine ambazo kile kituo cha 45 chenyewe kimekosewa kidogo, ukijaribu kusogeza nusu digrii meza inavutwa kurudi kwenye tundu. Usihangaike nayo. Weka karatasi ngumu kati ya ubao na egemeo, sentimita 11 na nusu toka mahali ubao unapogusa egemeo karibu na diski. Unene wa milimita 1 pale unageuza ubao nusu digrii. Karatasi ya nusu milimita, robo digrii.

Jambo la pili: mbao za juu na chini ziwe na urefu mmoja kabisa, na za pembeni vile vile. Pembe zikiwa sahihi na urefu ukapishana milimita moja, fremu itakataa kufunga na utailaumu pembe. Funga kituo cha mbao kwenye meza, kila pacha agonge hapo.

Mgeni wa Kornishi

Naomba msaada kwenye kornishi ya dari. Inakaa imeinama kati ya ukuta na dari, sasa sijui naigeuza vipi mezani. Nimeharibu mita sita.

Mkata Pembe

Pole sana, mita sita inauma. Kornishi ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu akili lazima ipindue chumba.

Njia rahisi ni kuiweka mezani vile vile inavyoinama, ila juu chini. Meza ndiyo dari yako, egemeo ndilo ukuta. Ukingo wa darini unakaa mezani, ukingo wa ukutani unaegemea egemeo. Diski haulazi, unageuza meza tu, 45 kwa kona ya 90. Kwa kuwa umepindua, kushoto kunakuwa kulia. Kabla hujagusa ubao mrefu kata vipande vinne vya sentimita 30: kona ya ndani kushoto, ya ndani kulia, ya nje kushoto, ya nje kulia. Andika nyuma ya kila kimoja kwa kalamu, na uandike pia meza iligeukia upande gani. Ninavyo vya kwangu, vimechakaa kingo, na sipandi ngazi bila kuviangalia. Piga msumari ubao mwembamba mezani uzuie kornishi isiteleze kuja kwako, maana ikiteleza milimita mbili mwinamo umebadilika na pembe imekufa.

Kama kornishi ni pana na mashine haiwezi kuimeza ikiwa imeinama, unailaza bapa, na hapo unageuza meza na kulaza diski kwa pamoja. Namba zinategemea mwinamo wa kornishi. Iliyotengenezwa kuinama digrii 38 toka ukutani: meza 31.6, diski 33.9. Ile ya 45: meza 35.3, diski 30. Hizo ni kwa kona ya 90 pekee. Mashine nyingi zina alama ya 31.6 na 33.9, ukiziona ujue ni za kornishi. Kupima mwinamo, ikalishe ndani ya skweya kana kwamba ni ukuta na dari, pima umbali wake kwenye kila mkono wa skweya. Ikilingana ni 45.

Randa Kali

Hizo namba mbili za pamoja nimezitumia mara moja tu maishani. Juu chini ndiyo salama.

Binti Seremala

Fundi, nikiwa nasubiri kurudi kwenye ule mlango, kuna kile kipande kidogo cha kumalizia ncha ya ubao ili tumbo la mbao lisionekane pembeni. Ni kama sentimita tatu. Nakikata vipi bila kuruka?

Mkata Pembe

Hapa nakuomba usome taratibu, na wengine wote pia.

Usikishike kwa mkono. Kamwe. Mkono ubaki sentimita 15 toka diski, na kipande cha sentimita tatu hakina mahali pa mkono. Kata kinyume: chukua ubao mrefu, kata ile pembe kwenye ncha yake kwanza, kisha rudisha mashine sifuri ukitenganishe kipande kidogo toka kwenye ubao mrefu uliobanwa kwa jiriwa au klampu. Acha diski ifike mwendo wake kamili ndipo uishushe. Shusha polepole. Ikimaliza, ishikilie pale chini, achia swichi, ngoja isimame kabisa ndipo uinue. Kipande kinachoruka mara nyingi huruka pale mtu anapoinua diski ikiwa bado inazunguka. Mimi hubandika utepe kuunganisha kipande na ubao mama kabla ya kukata, kikishakatika kinabaki kinaning'inia kwenye utepe. Na mikono isipishane, wa kushoto kulia wa kulia kushoto, hata kwa mkato mmoja. Miwani muda wote.

Kukipachika tumia gundi na utepe, usipige msumari, kitapasuka.

Fremu za Picha

Fundi, nimerekebisha, zimefunga. Sasa zile za zamani, zilizofunga vizuri siku ya kwanza, baada ya miezi zinafunguka kona ya ndani tu, kwa nje bado zimegusana. Gundi ile ile.

Mkata Pembe

Mbao zilikuwa hazijakauka. Ubao ukikauka unasinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausinyai. Upana ukipungua na urefu ukabaki, ile 45 si 45 tena, ncha inakuwa kali zaidi, kwa hiyo nje zinagusana na ndani zinaachana. Ubao ukinywa unyevu inakuwa kinyume, nje ndiyo inafunguka. Ukitazama mwanya umefunguka upande gani, unajua ubao umefanya nini tangu uukate. Ziache mbao ndani ya chumba zitakapokaa siku kadhaa kabla ya kukata, na zile pana zaidi uzihofu zaidi. MDF, zile mbao za nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi, inacheza kidogo kuliko mbao za kawaida.

Gundi nayo: uso wa mkato wa pembe ni matumbo ya mbao yaliyo wazi, unainywa gundi yote ikabaki kavu. Paka safu nyembamba, ngoja dakika chache, paka tena, ndipo ufunge.

Na mwanya wa unywele kwenye kona ya nje, kabla gundi haijakauka, chukua bisibisi, laza chuma chake kwenye ile ncha, uisugue kwa kukandamiza toka pande zote mbili. Nyuzi za mbao zinalala juu ya mwanya. Kwa kona ya nje mimi naongeza nusu digrii makusudi kila upande, mbele zikaze, nyuma kubaki na pengo ambalo mtu halioni. Ukikata pembe kona ya ndani unapunguza nusu digrii badala ya kuongeza.

Nilisahau kitu cha kukata kidogo kidogo. Kata ubao ukiwa umezidi milimita mbili, kajaribu, kisha punguza. Ukitaka kuondoa nusu milimita tu: mashine ikiwa imezimwa, shusha diski, sogeza ncha ya ubao iguse bamba, shikilia ubao hapo hapo, inua diski, washa, kata. Jino limezidi bamba kidogo, kwa hiyo linachukua ule uzidifu pekee.

Binti Seremala

Fundi, nimerudi toka kwenye mlango. Mashine ilikuwa sawa, nimeijaribu kwa ubao uliopinduliwa, hakuna mwanya. Plasta ndiyo iliyozidi, milimita moja na nusu upande wa kushoto, kulia karibu mbili. Nimechonga vijiti viwili tofauti, nimeandika K na L. Kushoto imefunga mara ya kwanza. Kulia nimeirudia, nilikuwa nimeweka kijiti upande wa mlango badala ya upande wa ukuta. Nilipokihamisha imefunga, nimepitisha ukucha toka ndani hadi nje na haukukwama popote.

Kesho naanza skatingi ya chumba hicho hicho. Mistari nimeshaichora konani. Moja imetoka 93.

Mkata Pembe

Hongera binti yangu, hongera sana.

93, nusu yake 46.5, unaweka 43.5. Ila kama ubao wako una umbo na kona ni ya ndani, msikilize Randa Kali, chonga.